Soketi Iliyolowa Ikikauka, Chumvi Yake Hubaki

Kila masika, jijini Dar es Salaam, mafundi umeme huulizwa swali lile lile: "Soketi iliingia maji, nimeiacha ikakauka, sasa niwashe?" Kama mhandisi ninayefundisha usalama wa umeme, jibu langu ni hapana, mpaka ifunguliwe na kukaguliwa.

Maji matupu hupitisha umeme kwa shida sana. Kinachoubeba ni chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Uwezo huo wa maji kupitisha umeme tunaupima kwa maikrosimensi kwa sentimita: maji yaliyokenekwa, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari, huwa chini ya 10, ya bomba mara nyingi hufika mamia, ya kisima chenye chumvi, na pwani visima hivyo ni vingi, yanaweza kupita 2,000, ya bahari ni kama 50,000. Maji ya mvua nayo hudondoka yakiwa na chumvi kidogo, lakini yakishapita kwenye bati lenye vumbi, dari na chokaa ya ukuta, huifikia swichi yakiwa maji mengine kabisa. Tena hupita kwenye mabomba yale yale ya plastiki yenye nyaya, yakateremka ndani ya ukuta. Ndiyo maana paa huweza kuvuja sebuleni, na swichi inayopiga shoti ikawa ya chumbani.

Fungua soketi iliyolowa wiki kadhaa zilizopita, umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi, uitazame kwa karibu. Vyuma vimeota ukijani, skrubu zimeshika kutu, na kwenye plastiki, kati ya waya wa moto na nyutro, huenda ukaona mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa penseli. Hiyo ni kaboni. Umeme ulikuwa ukipenya juu ya unyevu wenye chumvi na kuiunguza plastiki kidogo kidogo. Sasa kaboni yenyewe inapitisha umeme hata pakiwa pakavu. Chumvi iliyobaki nayo hufyonza unyevu wa hewa kila usiku. Moto huweza kuanzia hapo watu wakiwa wamelala. Soketi ya namna hiyo haisafishwi, inatupwa.

Wengi hujipa moyo kwa kuwa breka haijakata. Breka ya ampea 20 kazi yake ni kulinda nyaya. Mwili uliolowa una ukinzani wa takriban omu 1,000, kwa hiyo volti 230 hupitisha humo ampea 0.23. Kwa breka hiyo si kitu. Kwa moyo wa binadamu ni kifo. Kifaa kinachotambua uvujaji huo ni RCD, ambayo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata ndani ya sekunde 0.3. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze umeme ukiwepo. Isipokata, ibadilishwe mara moja.

Hita za kuogea ndizo zinazonitia hofu zaidi. Nyingi za bei nafuu zina waya wa kuchemshia ulio wazi, unaogusana na maji yanayokushukia kichwani. Zimetengenezwa kwa maji yenye chumvi kidogo. Ukizifungia maji ya kisima cha chumvi, umeme unaovuja huongezeka sana, na kinachobaki kukukinga ni waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ambao mafundi wengine huukata kwa kuwa "hita inawaka tu bila huo". Mtu akikwambia bomba la bafuni "linapiga kidogo", mwambie azime hita leo na asiiwashe tena. Dukani ulizia ile ya maji ya chumvi, ambayo waya wake umefunikwa, na bado iwe na ethi na RCD.

Nyumba ikifurika, usiingie kwenye maji yaliyofikia soketi, hata kama mtaa mzima hauna umeme. Umeme unaweza kurudi wakati wowote. Zima meni swichi ikiwa tu unaifikia ukiwa pakavu, la sivyo piga simu shirika la umeme wakate kwenye nguzo. Mwenye sola yenye betri au jenereta azime nayo, maana kukatwa kwa nguzo hakuigusi. Ukimkuta mtu amenaswa, usimshike: kata umeme kwanza.

Maji yakishatoka, mwite fundi aliyesajiliwa, abadilishe swichi na soketi zilizozama, kisha apime nyaya kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye nyaya. Kila saketi isome angalau megaomu 1. Ikisoma chini ya hapo, isiwashwe, hata kama kuta zinaonekana kavu.