Shughuli zilizositishwa au zilizokomeshwa?

Juma hili nimemsikia tena mtu akisoma hesabu za kampuni na kusema, "Hizi ni fedha za shughuli zilizositishwa, kwa hiyo hazipo." Zipo. Ziliingia na kutoka kweli ndani ya mwaka ule.

Maana ya fedha za shughuli zilizositishwa ni fupi. Ni mtiririko wa fedha taslimu wa sehemu ya kampuni ambayo imekwisha kuuzwa au kufungwa, au imetengwa iuzwe. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 5, sehemu hiyo iwe mkondo mkubwa wa biashara unaojitegemea, au eneo kubwa la kijiografia, au kampuni tanzu iliyonunuliwa kwa nia ya kuiuza tu. Kufunga duka moja kati ya mengi hakutoshi.

Kinachonisumbua ni neno lenyewe. Kusitisha kumetoka kwenye kusita, na aliyesita mlangoni hajaondoka, bado anaweza kuingia. Kikao kilichositishwa asubuhi huendelea mchana. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba kiwanda kilichosimama miezi sita kwa kukosa malighafi kinahesabiwa humu. Hakihesabiwi: kiwango kinakataza mali iliyoachwa kutumika kwa muda kuchukuliwa kama iliyotelekezwa. Kukoma kuna kikomo ndani yake, kwa hiyo mimi husema "zilizokomeshwa".

Nakiri kwamba nalo halikidhi kila kitu, maana sehemu iliyotengwa iuzwe huenda leo hii inauza bidhaa, inakusanya madeni na kulipa mishahara. Walioandika viwango nao walibadili neno. IAS 35 ya mwaka 1998, kiwango kilichotangulia IFRS 5, ilizungumzia shughuli "zinazokomeshwa", zilizo bado njiani, na mpango rasmi uliopitishwa na bodi na kutangazwa uliweza kutosha. IFRS 5, iliyotolewa 2004 na kuanza kutumika 2005, ikasema "zilizokomeshwa". Sasa tangazo peke yake halitoshi. Kama sehemu haijaondoka, lazima iwe tayari kuuzwa kama ilivyo, na mauzo yatarajiwe kwa uhakika mkubwa, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja. Kiambishi kimoja kimesogeza mpaka mzima.

Upande wa fedha una mtego wake. Kwenye taarifa ya faida na hasara, matokeo ya sehemu hiyo hukusanywa katika mstari mmoja, mbali na yale yanayoendelea. Kwenye mtiririko wa fedha, kampuni hutakiwa kuonyesha kiasi halisi (kilichoingia ukitoa kilichotoka) cha uendeshaji, cha uwekezaji na cha ugharamiaji, yaani mikopo na mtaji, lakini inaruhusiwa kukiweka kwenye maelezo yanayofuata nyuma ya taarifa zenyewe. Matokeo yake, jumla za ukurasa wa mbele mara nyingi zimechanganya kinachobaki na kinachoondoka. Ukilinganisha faida ya shughuli zinazoendelea na fedha za uendeshaji za kampuni nzima, umelinganisha vitu viwili tofauti. Bei ya kuuzia sehemu hiyo nayo ni fedha ya uwekezaji, si mapato ya uendeshaji.

Basi, ndugu uliyesema hazipo: sema ni fedha zilizopita kweli mikononi mwa kampuni, kutoka sehemu usiyopaswa kuitegemea unapokadiria miaka ijayo. Na kama ni kiwanda kinachongoja malighafi tu, fedha zake zibaki zilipokuwa, pamoja na za shughuli zinazoendelea.