Je, wajua kwa nini uongo uliorudiwa humyumbisha hata anayejua ukweli?

“Sari ni jina la sketi fupi yenye marinda wanayovaa Waskoti.” Huenda umeikataa sentensi hiyo palepale. Sari ni vazi la Bara Hindi, kitambaa kirefu kinachozungushwa mwilini; sketi ya Waskoti huitwa kilt. Uko sahihi. Lakini ukikutana na sentensi hiyohiyo siku nyingine, kuna uwezekano ukaipinga kwa nguvu pungufu kidogo, na ujuzi wako wa mavazi usikusaidie.

Jambo hili lilinishangaza kwa sababu kwa muda mrefu niliamini kinyume chake. Nikiulizwa kwa nini uzushi unaenea, nilikuwa na jibu moja: watu hawajui. Asiyejua hudanganyika, anayejua yuko salama. Basi tugawe maarifa, na uzushi utakauka wenyewe. Ni jibu tamu, maana linamweka anayelitoa upande wa walio salama. Hata miongoni mwa watafiti, dhana iliyozoeleka ilikuwa kwamba kurudiwa kwa kauli humyumbisha mtu pale tu anapokosa ujuzi wa kuipimia.

Mwaka 2015 mwanasaikolojia Lisa Fazio na wenzake waliijaribu dhana hiyo. Waliwapa washiriki kauli za kweli na za uongo, ile ya sari ikiwemo, na pia wakapima nani anajua nini. Hata waliolijua jibu sahihi waliiona kauli ya uongo kuwa na ukweli zaidi kama walishaisoma kabla. Hawakuwa wamesahau. Ukiwauliza moja kwa moja sketi ya Waskoti inaitwaje, wanakujibu vizuri. Ujuzi ulikuwepo kichwani, ila haukuitwa kutoa ushahidi.

Kwa nini haukuitwa? Fikiria uwanja wenye nyasi ndefu. Anayepita mara ya kwanza hutembea polepole, anaangalia anapokanyaga. Wa pili hupata nyasi zimelala kidogo. Wa ishirini hakuti nyasi tena, anakuta njia, naye hajiulizi nani aliianzisha wala kama inafika anakokwenda. Kauli nayo ni hivyo: kila inaposomwa, akili huipitia kwa wepesi zaidi, na wepesi huo tunausoma kama dalili ya ukweli. Kosa lenyewe si la kijinga. Mengi tunayoyasikia mara kwa mara ni ya kweli, kwa hiyo kanuni ya “hili nalifahamu, basi ni sawa” hutufaa siku nyingi. Shida ni kwamba hisia ya kuwahi kusikia jambo hudumu, wakati kumbukumbu ya nani alilisema hupotea mapema.

Nguvu ya urudiaji isikuzwe kupita kiasi. Katika utafiti wa Lynn Hasher na wenzake wa mwaka 1977, ulioanzisha mjadala huu, wanafunzi walipima kauli katika vikao vitatu vilivyopishana wiki mbili mbili. Zile zilizorudiwa zilipanda kutoka wastani wa 4.2 hadi 4.6, kisha 4.7, katika kipimo cha 1 hadi 7, ambapo 7 ni kweli kabisa. Ni msukumo mdogo. Tena zilikuwa kauli za maarifa ya kawaida, zisizo na hofu wala hasira, na uzushi wa mitandaoni aghalabu hubeba vyote viwili. Hapo ni vigumu kuhamisha namba za maabara moja kwa moja.

Hata hivyo msukumo mdogo ukizidishwa kwa mamilioni ya watu si mdogo tena, na ndiyo maana baadhi ya hatua hulenga urudiaji wenyewe. Mwaka 2019 WhatsApp iliwawekea watumiaji duniani kote kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo 5 kwa mara moja. Mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mno ukabanwa hadi mazungumzo 1. Ujumbe bado unapita, ila unapita kwa taratibu.

Kusahihisha nako kuna namna yake. Mwaka 1994 Hollyn Johnson na Colleen Seifert waliwasomesha watu taarifa ya moto katika ghala. Kwanza waliambiwa kwamba kwenye stoo ndogo ya ghala hilo kulikuwa na makopo ya rangi ya mafuta na mitungi ya gesi. Baadaye taarifa ikasahihishwa: stoo ilikuwa tupu. Wasomaji waliukumbuka usahihisho huo, lakini walipoulizwa mbona moshi ulikuwa mwingi, wengi bado waliitaja ile rangi ya mafuta. Walioacha kuitegemea ni hasa wale waliopewa sababu nyingine, kwamba kulikuwa na dalili za moto kuwashwa makusudi. Kusema “si kweli” kunang'oa sababu na kuacha pengo, na akili hulijaza kwa kile kilichokuwepo. Anayekanusha uvumi kwenye kundi aeleze basi kilichotokea hasa, aanze nacho, na uongo wenyewe autaje mara moja tu.

Na msomaji je? Mwaka 2020 Nadia Brashier na wenzake waligundua kwamba watu walioombwa kupima ukweli wa kauli mara ya kwanza walipoiona hawakuyumbishwa na urudiaji baadaye, mradi walikuwa na ujuzi wa kuipimia. Wasiojua hawakusaidiwa na swali hilo; kwao inabidi ushahidi utoke nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwahi kulinganisha wanahistoria 10, wanafunzi 25 na wahakiki wa habari 10, yaani watu ambao kazi yao ni kuthibitisha ukweli wa habari, wakikagua tovuti. Wengi wa wanahistoria na wanafunzi walibaki kwenye ukurasa uleule, wakisoma maelezo yake na kuvutwa na nembo yake nzuri. Wahakiki waliuacha karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti hiyo.