Soko huria Bongo: tunayoyasema vijiweni na yalivyokuwa kweli

Mjadala wa ubepari ukianza huku kwetu watu wanagawanyika kama Simba na Yanga, upande mmoja "ubepari ni unyama", upande wa pili "serikali itoe mkono kwenye biashara watu wapumue". Nimewasikiliza wote muda mrefu na naona wote wanaongelea soko ambalo halijawahi kuwepo popote, soko linalojiotea lenyewe tu, wengine wakiliona baya na wengine zuri. Sasa nachukua kauli zinazorudiwa sana naziweka jirani na yaliyotokea Tanzania toka miaka ya 80, tuone zinasimama au zinaanguka.

"Mzee Ruksa ndo alileta soko huria, IMF ikamshika mkono"

Nusu kweli. Mwinyi, ndo huyo Mzee Ruksa, aliingia Ikulu Novemba 1985, makubaliano na IMF yakafikiwa Agosti 1986, shilingi ikashushwa thamani, hayo hakuna wa kubisha. Ila mlango ulianza kufunguliwa Mwalimu akiwa bado rais. 1983 mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa kubeba abiria Dar kwa sababu UDA, shirika la umma la mabasi, ilikuwa imeelemewa. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana kazipata wapi, ndo vitu vikaanza kurudi madukani taratibu. Na kumbuka 1983 hiyohiyo ndo mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, watu wanatupa mabunda ya khanga na katoni za sabuni usiku wasikamatwe nazo! Yaani serikali ileile, ndani ya muda mfupi, imetoka kumkamata mwenye bidhaa hadi kumwambia lete. Haikuwa imeokoka wala kurogwa, hazina ilikuwa tupu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita ya Kagera 1978 na 79, mafuta nayo yakapanda bei hapohapo.

Na wanaosema zamani watu hawakuwa na tamaa, waulize wazee wao sukari ilipatikanaje. Soko lilikuwepo muda wote, lilikuwa limejificha tu, linaitwa ulanguzi, na aliyefaidi ni yule mwenye shemeji kwenye duka la ushirika.

"Soko huria maana yake serikali inakaa pembeni"

Hii ndo dhana kubwa kuliko zote na inashikwa na pande zote mbili. Angalia kilichotokea baada ya "kulegeza": sheria ya mabenki 1991, TRA ikaanza 1996 (kabla ya hapo hakukuwa na TRA, ujue), VAT 1998, soko la hisa la Dar likafungua milango 1998, sheria mbili za ardhi 1999, kisha zikafuata mamlaka za usimamizi, EWURA ya nishati na maji, SUMATRA ya usafiri, na ndugu zao. Serikali iliyokuwa inauza unga na vitambaa ikaacha kuuza ikaanza kuandika masharti ya wauzaji. Benki haiwezi kukukopesha kwa dhamana ya nyumba kama hakuna sheria inayosema nyumba ni ya nani na utaratibu wa kuipiga mnada ukishindwa kulipa. Kwa hiyo kazi ya serikali haikupungua, ilibadilika sura, na anayeandika masharti ndo huyohuyo anayepanga hasara imwangukie nani. Shikilia hilo tunaposhuka chini.

"Makonda wa daladala wana roho mbaya na wanafunzi"

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wanaona tabia hawaoni hesabu.

Gari lina tajiri. Tajiri hamwajiri dereva, anamkabidhi gari alfajiri na usiku anataka hesabu yake, kiasi walichopatana, iwe mvua iwe jua iwe foleni. Mafuta juu ya dereva na konda. Faini ya trafiki mara nyingi juu yao pia. Mpiga debe kituoni naye anataka chake. Kinachobaki ndo mshahara, na kisipobaki basi mmezunguka mji mzima bure. Chukua mfano tu, hesabu elfu themanini, mafuta laki moja: hapo tayari ni laki na themanini ambayo sio yenu, kwa nauli ya 600 ni vichwa 300 kwanza ndo muanze kutafuta ya nyumbani.

Sasa simama wewe mlangoni pale Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi. Wanafunzi wanataka kupanda, kila mmoja ana 200 yake, watatu ndo wanalipa sawa na mtu mzima mmoja na wanachukua nafasi tatu. Serikali kupanga nauli ya mwanafunzi iwe ndogo ni jambo jema, sina ugomvi nalo, ila ile tofauti hakuna aliyetajwa ailipe, na tajiri hapunguzi hesabu eti kwa sababu leo umebeba watoto. Kwa hiyo ruzuku ya mwanafunzi inatoka mfukoni mwa konda. Konda anamsukuma mtoto, mama mmoja kwenye siti ya mbele anamtukana konda, mtoto anachelewa shule, na tajiri hayupo kwenye picha kabisa. Kukatisha ruti jioni, kujaza mpaka mlangoni, kufukuzana na gari la mbele ili uwahi abiria wa kituo kinachofuata, vyote vinatoka kwenye chungu hichohicho. Mpe padri hilo gari kwa masharti hayo, baada ya wiki mbili atakuwa anapiga kelele "wanafunzi wawili tu!"

Mtu atauliza, kwanini wasikatae? Kwa sababu pale stendi wamekaa madeiwaka kibao wanasubiri dereva mmoja augue tu wapewe gari. Sheria ya ajira ya 2004 inataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi, ila Mei 2015 madereva walipogoma nchi nzima, moja ya madai bado ilikuwa mikataba ya ajira. Daladala ndo soko linalotajwa kuwa huria kuliko yote mjini, lakini nauli imepangwa na serikali, ruti imepangwa na serikali, kitu pekee kilichoachwa "huru" ni makubaliano kati ya tajiri na dereva. Hapo ndo nguvu za pande mbili zimepishana kuliko popote.

"Mkulima akiuza kwa hiari yake, bei ni ya haki"

Twende kusini, Tandahimba, Newala. Korosho inauzwa kuanzia mwezi wa kumi hivi, lakini matumizi hayasubiri mwezi wa kumi, kuna salfa ya kupulizia, kuna palizi, kuna watoto shule, kuna mgonjwa. Katikati ya mwaka nyumba haina hela. Anakuja mtu wa kangomba, anakupa pesa leo, utamlipa korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake yeye na kwa bei ya chini sana kuliko itakayokuwepo. Hakuna aliyekushikia panga, umekubali mwenyewe, mmepeana mikono. Ni hiari kweli, lakini mmoja kati yenu anaweza kusubiri miezi minne na mwingine hawezi kusubiri hata wiki, hiyo ndo inayopanga bei.

Stakabadhi ghalani ilianza kwenye korosho msimu wa 2007/08 kujaribu kuvunja hilo. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa kwenye mizani, unaenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana kwenye mnada. Soko limetengenezwa na serikali toka mwanzo hadi mwisho, na kwa miaka kadhaa bei kweli ilipanda. Lakini mnada hauondoi shida ya mwezi wa sita na wa saba, kwa hiyo kangomba haikufa.

Halafu ikaja 2018. Wanunuzi wakaweka bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli akaamua serikali inanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaenda kubeba. Watu wakashangilia. Baadaye likaja zoezi la uhakiki, mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba lake lilipo, ili walanguzi wakamatwe, na malipo yakachelewa sana kwa wengi, wakulima halali wakiwemo. Kwa hiyo timu ya "serikali ishike kila kitu" wasikae wakicheka, mnunuzi akiwa mmoja hata kama ni serikali yenye nia njema unabaki pale pale, yeye anaweza kusubiri, wewe huwezi.

Na muda wote huo sehemu kubwa ya korosho inaondoka ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Viwanda vya kubangua tulijenga miaka ya 70 kwa mikopo, vilipobinafsishwa vingine vikageuzwa maghala ya kuhifadhia hiyohiyo korosho ghafi. Ukitafakari sana unaweza kuumwa kichwa.

"Ubinafsishaji ulikuwa wizi mtupu" na mwenzake "sekta binafsi siku zote inaendesha vizuri"

Naziweka pamoja maana zinaanguka pamoja. Bia: TBL iliuzwa nusu kwa Wasauzi 1993, bia ikapatikana, kampuni ikawa kati ya walipa kodi wakubwa nchini na 1998 ikaorodheshwa soko la hisa. Maji: kampuni binafsi ya City Water ilikabidhiwa maji ya Dar Agosti 2003, Mei 2005 serikali ikavunja mkataba, kesi ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa na 2008 ikaamuliwa Tanzania ilikosea kwenye namna ya kuwatoa lakini fidia haikutolewa hata senti, kwa kuwa thamani ya kufidia haikuwepo. Reli ilipewa Wahindi wa RITES 2007, serikali ikairudisha. Ndege tukaungana na South African Airways 2002, ndoa ikavunjika 2006.

Tofauti ni nini? Bia ukiiona ghali unaacha, unakunywa soda au unaenda kwenye mbege. Maji huyaachi, na bomba la pili halipo mtaani kwako. Palipo na bomba moja au reli moja hakuna ushindani wa kumfanya mtu awe mzuri, kuna mkataba tu, na kama aliyeusaini kwa niaba yako alisaini vibaya umeumia, awe mwekezaji mzungu au shirika la umma.

"Nchi tajiri zilitajirika kwa soko huria"

Fupi tu. Uingereza ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya India kwa sheria za 1700 na 1721, viwanda vyake vilipokomaa ndo ikaanza kuhubiri biashara huria. Marekani ilitoza ushuru mkubwa bidhaa za nje karne ya 19 karibu yote. Korea Kusini ilitaifisha mabenki miaka ya mwanzo ya 60 na 1968 serikali ikaanzisha kampuni ya chuma ya POSCO. 1968 hiyohiyo sisi tulifungua kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kwa msaada wa China. Wote tulilinda viwanda. Ila Mkorea alipewa mkopo wa bei rahisi kwa sharti la kuuza nje, asipouza kamba inakazwa, huku kwetu kiwanda kiliuza ndani kwa watu wasio na pa kwenda, halafu mitumba ilipoingia kwa kasi kikakuta hakijawahi kushindana na mtu.

"Ubepari umewafanya watu kuwa wabinafsi"

Nakubali kidogo. Lakini tazama vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Kuchangia gharama hospitali za serikali kulianza 1993, ada za shule ya msingi nazo zilikuwepo mpaka zilipofutwa 2001 (na zilipofutwa madarasa yakafurika, ndo ukajua ni watoto wangapi walikuwa wamezuiwa mlangoni na bei), na kina mama hawakusubiri, wakaweka hisa kila wiki, wakakopeshana kwa riba, na pembeni wakawa na mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Humo ndani riba ipo, faini ya kuchelewa ipo, na kubebana kupo, kwenye sanduku moja lenye kufuli tatu. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 ikavitaka navyo visajiliwe. Ubinafsi au ujamaa? Mimi naona watu wanaziba pengo lililoachwa, kwa vifaa walivyonavyo.

"Kijana akijiajiri amekuwa huru"

Bodaboda ya mkataba ni daladala ya magurudumu mawili, hesabu kila siku mpaka deni liishe, ukianguka ukalala MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, hesabu inaendelea kusoma. Machinga naye bosi hana ila ana mwenye mzigo Kariakoo anayempa mali kwa mali kauli na kuidai jioni. Desemba 2018 walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000 wasibughudhiwe, Oktoba 2021 serikali ikawaondoa barabarani kuwapeleka maeneo yaliyopangwa. Kitambulisho kilikuwa ruhusa ya kufanya biashara bila kusema biashara ifanyike wapi, na kwa machinga mahali ndo mtaji wenyewe. Wengi walirudi barabarani taratibu, maana kule walikopelekwa abiria hashuki.