Zahanati siyo kituo cha afya

Jamani hili linachanganywa sana, mtu anapost "kijiji chetu tumepata kituo cha afya" ukiangalia unakuta ni zahanati, na watu wanapongeza tu. Zahanati ndo ngazi ya chini, ya kijiji: unapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, unapewa dawa mseto, watoto wanachanjwa, wajawazito wanahudhuria kliniki na wanaojifungua kawaida wanazalishwa hapo hapo. Kituo cha afya kiko juu yake, kina wodi za kulaza, af ndo inafuata hospitali ya wilaya.

Zamani huku Tanzania ilikuwa ngumu kuchanganya maana zahanati ilipangiwa watu kama 6,000 mpaka 10,000 hivi, ila kituo cha afya kilikuwa cha tarafa nzima, watu kama 50,000, kwa wengi kilikuwa mbali na kila mtu anajua kiko wapi. Mwaka 2007 ukaja MMAM, yani Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ukasema kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Mpango mzuri kabisa, ila sasa vyote vikasogea karibu na watu, na kwenye mikutano vikaanza kutajwa kwa jina moja.

Anayeumia hapo ni mama mjamzito. Kama uzazi uliopita alipasuliwa, au anavuja damu, zahanati hawawezi kumfanyia opareshen wala kumwongezea damu, hata nesi awe hodari vipi, na familia iliyoambiwa "tuna kituo cha afya" haikuweka hela ya usafiri, uchungu unaanza usiku ndo wanasikia habari ya rufaa, hapo bodaboda anatafutwa gizani. Na hata vituo vya afya siyo vyote vina thieta, yani chumba cha upasuaji, vingi vimeanza kujengewa kuanzia 2017.

Kwa iyo diwani akisema tumeletewa kituo, muulizeni kwa heshima tu, mheshimiwa, wodi zipo? thieta ipo? damu ipo? Siyo kumkosea adabu. Na wewe unayepost andika zahanati, haikishushii kijiji hadhi, na jirani yako mwenye mimba aliyewahi kupasuliwa atajua mapema kwamba mwezi wa mwisho inabidi asogee kwa ndugu anayekaa karibu na hospitali.