Godoro la sufi na afya ya wanaolilalia: maswali na majibu

Sponji imeingia karibu kila nyumba, lakini godoro la sufi, yaani pamba ya mti wa msufi, halijaondoka. Mombasa, Tanga, Unguja na Pemba bado utakuta magodoro mazito yaliyoshonwa na fundi, na wapo wanaoyarudia kwa kuwa sponji inawachemsha mgongo. Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi, mengi yakitoka kwa wazazi wenye watoto wa pumu.

Mwanangu ana pumu. Nimeambiwa nitupe godoro la sufi, ninunue la sponji. Ni kweli?

Si lazima. Mara nyingi kinachowasumbua wenye pumu na mzio si sufi yenyewe bali utitiri wa vumbi, wadudu wa kiasi cha robo milimita ambao huwezi kuwaona wakitembea. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayotudondoka tukilala. Maji hawanywi, wanafyonza unyevu ulio hewani. Kinyesi chao kikipeperuka kinaingia puani na kifuani, ndipo mtoto anaamka alfajiri kwa chafya, macho yanawasha, kifua kinabana. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha uhusiano huu miaka ya 1960. Sasa, utitiri huohuo unaishi kwenye sponji, kwenye mito, mazulia na midoli ya manyoya. Ukibadili godoro ukabakiza mto wa tangu enzi za bibi, hujafanya kitu.

Hali moja inanifanya niseme sufi ibadilishwe: ikizeeka, nyuzi zake hukatikakatika zikawa unga. Lipige kofi godoro mbele ya dirisha lenye jua. Ukiona vumbi linafuka kupitia kitambaa, sufi hiyo imekwisha. Na dawa za pumu za mtoto zisiachwe eti kwa sababu godoro limesafishwa.

Naweza kulifua?

Hapana. Uzi wa sufi una uwazi ndani na nta kwa nje, ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Yenyewe hainywi maji kirahisi, lakini maji yakishapenya katikati ya godoro yanakwama baina ya nyuzi na kwenye kitambaa. Hewa ya pwani mara nyingi ina unyevu unaozidi asilimia 70. Mle ndani hapakauki. Siku chache tu utasikia harufu ya ukungu, na ukungu nao ni adui wa mwenye pumu.

Kinachofuliwa ni foronya ya godoro, mashuka na foronya za mito, kila wiki. Maji ya nyuzijoto 60 yanaua utitiri. Kama huna mashine, loweka kwenye maji ambayo mkono hauwezi kuyavumilia, koroga kwa mti, kisha ukikausha piga pasi.

Basi nilianike. Kwa muda gani?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Jua na upepo mkavu vinafanya mambo mawili: vinaua sehemu ya utitiri na vinatoa unyevu unaowaweka hai waliobaki. Msimu mzuri ni kaskazi, hasa Januari na Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, subiri siku ya jua la kweli. Godoro lililonyeshewa ni hasara kuliko lililokosa jua mwezi mzima.

Litoe saa tatu asubuhi umande ukishakauka, lirudishe saa tisa alasiri kabla hewa haijaanza kupoa. Lilaze juu ya chaga au kitanda cha kamba ili upepo upite chini, si juu ya nyasi wala mchanga. Saa sita ligeuze. Kujua kama limekauka, bonyeza kona kwa kiganja kisha uachie: sufi kavu inanyanyuka polepole na kiganja hakisikii ubaridi. Yenye unyevu inabaki na shimo.

Ukilipiga fimbo, simama upande upepo unakotokea, ufunge barakoa au kanga puani. Mtoto wa pumu asiwepo. Wapo wanaolipiga mlemle chumbani mlango umefungwa, wakashangaa usiku nyumba nzima inakohoa.

Wakati godoro liko nje usianike chandarua pembeni yake. Chandarua chenye dawa kinakaushwa kivulini, kwa sababu jua linaharibu dawa ya kuua mbu.

Mtoto amekojoa. Nimwage jiki?

Usifanye hivyo. Jiki ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma koo na mapafu, na chumba kidogo kinatosha kumleta mtu hospitali. Kandamiza kitambaa kikavu mpaka kisipate tena maji. Pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kandamiza tena, nyunyiza magadi ya kuokea, acha yakauke, kung'uta, toa juani. Kwa mtoto anayekojoa kila usiku tandika mpira chini ya shuka, sehemu ya kiuno tu. Kulifunga godoro zima kwenye nailoni ni kulifungia jasho ndani.

Mtoto wa miaka sita au saba ambaye alishaacha kukojoa kitandani kisha akarudia, hasa akiwa na kiu isiyoisha au maumivu akikojoa, apelekwe kituo cha afya. Hilo si suala la godoro tena.

Kuna kunguni. Nipulize dawa gani?

Kwanza pumzika kidogo: kunguni hawajathibitika kuambukiza watu ugonjwa. Wanawasha, wanakosesha usingizi, na ukijikuna sana ngozi inaota vidonda, lakini Ukimwi hawaleti.

Pili, usimwagie godoro dawa ya shambani, wala mafuta ya taa. Ya kwanza utaivuta na kuilalia usiku kucha. Watu wamekufa kwa hiyo. Mafuta ya taa na sufi ni moto unaosubiri kiberiti tu. Hata dawa za kupuliza za dukani, kunguni wengi wameshakuwa sugu kwazo.

Joto ndilo wasilolizoea. Nyuzijoto 50 zinaua kunguni na mayai yake, ila jua la kawaida halifikishi joto hilo katikati ya godoro nene. Wanahamia tu upande wa kivuli. Kwa hiyo fanya kwa mkono. Chukua tochi, fuata mishono yote ya godoro na vile vifundo vya uzi aliovuta fundi, maana hapo ndipo wanapojibanza na kuacha vidoa vyeusi. Sugua kwa brashi ngumu juu ya beseni la maji ya sabuni. Pitisha pasi yenye mvuke kwenye mishono, taratibu, kisha anika mpaka likauke kabisa. Chaga na matundu ya kitanda mwagia maji yanayochemka, na kitanda cha kamba kimwagiwe chote. Rudia baada ya wiki moja, kwa sababu yale mayai uliyoyaruka yatakuwa yameanguliwa. Vyumba vyote vifanywe siku hiyohiyo. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu akikusubiri chumba cha pili.

Naweka naftalini ndani ya foronya kufukuza wadudu. Ina madhara?

Ndiyo, na kwa kichanga ni hatari. Watu wengi wa maeneo yenye malaria wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, bila kujua. Mtoto mwenye hali hiyo akivuta naftalini au ikamgusa ngozi kupitia nguo, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Ukiona macho ya njano, mkojo umekuwa mweusi na mtoto amepauka, usingoje asubuhi.

Kichanga alale juu yake?

Godoro la sufi lenye bonde, hapana. Mtoto mchanga anahitaji mahali tambarare na pagumu, alazwe chali, bila mto.

Na udi chini ya kitanda?

Fukiza kabla ya kulala, chetezo kikiwa mbali na godoro. Sufi inashika moto upesi mno, na moshi wenyewe unaamsha pumu.

Fundi aje kila baada ya muda gani?

Likishafanya mabonde mtu akawa analala amejikunja, au likitoa unga. Kazi ya kufumua na kuchambua ifanyike uwanjani, naye fundi avae barakoa, maana vumbi la miaka yote linatoka kwa mara moja. Mwambie sufi ianikwe kabla ya kurudishwa na alete kitambaa kipya kilichofumwa kwa kubana, kwa sababu kile cha bei rahisi ukikinyanyua juani utaona mwanga unapita, na panapopita mwanga utitiri hupita.