Waifai Imejaa, Intaneti Haipo

Wiki iliyopita nilipigiwa tena simu kutoka hosteli moja ya Ng'ong'ona, hapa Dodoma. "Kaka, njoo utuangalizie. Waifai imejaa lakini haifungui kitu, na tumeshairiseti mara tatu." Nilipofika nikakuta ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, haina mpangilio hata mmoja. Walikuwa wametumbukiza kijiti cha meno kwenye kile kitundu cha nyuma cha kuirisetia, wakakandamiza mpaka taa zote zikazima. Jina la mtumiaji na nywila alivyoviweka mtoa huduma vikafutika. Asubuhi hitilafu ilikuwa kwa mtoa huduma, na saa nne baadaye aliirekebisha. Wao walikaa gizani siku mbili zaidi kwa sababu ya kijiti. Na hawa ni wanafunzi wa mwaka wa pili, somo la mitandao ya kompyuta wameshalifanyia mtihani.

Kuzima ruta na kuiwasha hakuna madhara. Kuiriseti ni kuifuta. Nimelisema hili hosteli hadi hosteli, lakini kosa lenyewe linatokana na imani moja ambayo haitaki kufa: kwamba vistari vya waifai vikijaa, basi intaneti ipo.

Vile vistari vinapima jambo moja tu, nguvu ya mawimbi ya redio kati ya kifaa chako na ruta iliyo koridoni. Kinachoendelea ng'ambo ya ruta havikijui. Chomoa waya wa faiba unaoleta intaneti, iache ruta na umeme peke yake, kisha tazama simu yako: vistari vimejaa vilevile. Waombe wenzako ruhusa mfanye jaribio hilo leo usiku, dakika moja inatosha.

Aliyeishi Dodoma ameshaonja mgao wa maji. Koki ya uani ni ileile, nzima, haivuji, ila ukiifungua inatoa upepo. Hakuna anayekwenda dukani kununua koki mpya kwa sababu ya mgao. Waifai ndiyo koki. Maji yenyewe yanatoka mbali: kutoka kwenye ruta, faiba inakwenda kwa mtoa huduma, kutoka kwake data zinaingia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mtandao wa faiba wa serikali, zinasafiri mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam, na kama unachokitafuta kiko nje ya nchi, kwa kawaida zinazama kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi. Njia ikikatika popote hapo, vistari vyako havitapungua hata kimoja.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ikayumba Tanzania. Siku ile na iliyofuata nilipokea simu kutoka Makulu, Kisasa na Nkuhungu, watu wanazima na kuwasha ruta kutwa nzima. Wengine walikuwa njiani kwenda kununua mpya. Niliwazuia niliowawahi.

Utaratibu wangu ni mmoja, na ningependa kila mwanafunzi aushike kabla hajamaliza muhula wa kwanza: anza na kilicho karibu, ndipo uende mbali. Kama una Windows, fungua Command Prompt, andika ipconfig uone anwani yako ya IP, yaani namba ya kompyuta yako kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa sababu haikujibiwa na DHCP, huduma ya kwenye ruta inayogawa anwani. Shida iko humohumo ndani ya nyumba. Ikianza na 192.168 au 10, mara nyingi maana yake umepewa, basi pigia pingi ruta yenyewe (amri ya ping hutuma ujumbe mfupi na kungoja jibu). Ikijibu, pigia 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya mtandao wako. Namba ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, kagua kwanza DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikakaa kimya, tatizo liko nje (isipokuwa kwenye mtandao wa chuo kinachozuia pingi kutoka), kwa hiyo mpigie mtoa huduma na kile kitundu usikiguse.

Kuna na wale ambao intaneti ipo, vistari vimejaa, lakini inakwenda kwa kusuasua. Hesabu kwanza mko wangapi. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde ikigawanywa kwa watu 40 wanaovuta kwa pamoja, kila mmoja anabaki na nusu megabiti. Pili, tazama chaneli, yaani njia ya redio ambayo ruta inarushia waifai. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli zinazotumika bila kuingiliana ni 1, 6 na 11. Nakuta mtu ameweka 3 akiamini ameukimbia msongamano, kumbe sasa anapokea kelele za 1 na za 6 pia. Na anayekaa chumba cha mwisho, kuta tatu za tofali kutoka kwenye ruta, anatumia muda mrefu hewani kupeleka data kidogo, hivyo anawachelewesha hata walio karibu. Laptopu isiyotoka mezani ichomekwe waya. Nitalisema hilo mpaka nistaafu.

Imani nyingine potofu nitazipitia haraka.

Intaneti haishuki kutoka kwenye setilaiti, angalau si hii unayoitumia chumbani. Wazazi wetu walioamini hivyo hawakukosea, maana kabla SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009 tulitegemea sana setilaiti. Setilaiti za aina ile ziko karibu kilomita 36,000 juu, hivyo kupanda na kushuka tu kunakula takriban robo sekunde, na jibu linakula robo nyingine. Faiba haina safari hiyo.

Intaneti na wavuti si kitu kimoja: intaneti ni mtandao wenyewe, wavuti ni kurasa zinazopita juu yake. ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, ilihamia TCP/IP, kanuni za mawasiliano za intaneti, tarehe 1 Januari 1983. Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti pale CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, mwaka 1989. Miaka sita hiyo watu walikuwa wanatumiana barua pepe na mafaili bila ukurasa hata mmoja wa wavuti. Ukiulizwa kwenye mtihani usijibu kwamba intaneti ni Google.

Kifurushi cha megabiti 100 kwa sekunde hakikupi megabaiti 100. Gawa kwa nane, unapata 12.5, na kiuhalisia chini ya hapo. Hujaibiwa.

Dirisha la faragha la kivinjari linaacha tu kuhifadhi historia kwenye kompyuta yako. Msimamizi wa mtandao wa chuo kwa kawaida bado anaweza kujua umekwenda tovuti gani, hata kama HTTPS, usimbaji unaofunga njia kati yako na tovuti, inamzuia kusoma ulichoandika humo. Na ile alama ya kufuli, kwenye vivinjari vinavyoionyesha, inakuhakikishia kwamba njia imefungwa, haikuhakikishii uaminifu wa mwenye tovuti. Tapeli anayetangaza mkopo wa ada naye anapata kufuli, tena bure. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi kabla hujaandika nywila yako.