Kibano cha Pleti: Maana Yake na Kazi Yake kwenye Kitanda cha Mashine ya Chapa

Kibano cha pleti ni kifaa kidogo cha chuma kinachoshika ukingo wa bamba la kuchapia na kulikandamiza kwenye kitanda cha mashine, ili bamba hilo lisisogee pembeni wala lisiinuke wakati karatasi zinapopita. Bamba ndilo linalobeba maandishi na picha zinazochapwa, na mafundi huliita pleti. Kwa kuwa jina hilo limeshazoeleka, nami nitalitumia hivyo hivyo. Kitanda ni ule uso wa chuma, mzito na uliosawazishwa, ambao kila kinachochapa hulazwa juu yake. Vitu vitatu hivi, yaani kitanda, pleti na kibano, havieleweki kimoja bila vingine, ingawa anayetazama mashine ikifanya kazi huviona viwili vya kwanza tu na kibano hakimjii machoni kabisa.

Jina lenyewe limetokana na kubana, lakini si kila kinachobana hubana kwa namna moja. Seremala wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, anapotaka kukata ubao kwa msumeno huubana kwenye jiliwa, na jiliwa ni ndugu wa karibu wa kifaa tunachokizungumzia, kwani vyote viwili hutumia skrubu kugeuza nguvu ndogo ya mkono kuwa nguvu kubwa ya chuma. Hata hivyo, mataya ya jiliwa yakipanda juu kuliko ubao, kazi ya msumeno haiharibiki. Kibano cha pleti hakina uhuru huo. Kinapaswa kubaki chini ya uso unaochapa, kwa sababu kikichomoza hata kidogo rola za wino zitakipaka wino, na kila karatasi itatoka na alama nyeusi pembeni mwa maandishi. Kwa hiyo mtengenezaji wake ametakiwa kufanya jambo gumu: kuishika pleti kwa nguvu zote huku akiigusa ukingoni tu, tena bila kupanda juu ya uso unaochapa.

Ili kujua kwa nini kifaa hiki kilihitajika, ni lazima turudi kwenye herufi za risasi. Kwa kipimo cha Uingereza na Marekani, herufi moja ya chapa ilikuwa na kimo cha inchi 0.918, ambazo ni kama milimita 23.3. Herufi zilipangwa kwa mkono, zikawekwa ndani ya fremu ya chuma na kukazwa pande zote kwa kabari, nazo zikasimama zenyewe kwa sababu zilikuwa ndefu na zimeegemeana. Mwaka 1902, wakati mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alipoanzisha gazeti la African Standard hapa Mombasa, uchapaji wa magazeti ulitegemea nyuso zilizoinuka za namna hiyo. Lakini herufi zilikuwa ghali na zililika kwa kutumika, na kitabu kikibaki kimepangwa kikisubiri kuchapwa tena, maelfu ya herufi hufungiwa humo bila kufanya kazi nyingine. Tangu karne ya 18 palikuwa na majaribio ya kuchukua sura ya ukurasa mzima kwa kuimimina katika bamba moja la risasi. Sonara William Ged wa Edinburgh, Uskoti, ni mmoja wa waliotangulia katika njia hiyo. Baadaye, kuanzia mwaka 1838, ugunduzi wa mhandisi Moritz Jacobi nchini Urusi uliwezesha kutengeneza bamba la shaba kwa nguvu za umeme. Bamba likishapatikana, herufi hurudishwa kwenye visanduku vyake na kuanza kazi nyingine.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Pleti ya namna hiyo ilikuwa na unene wa milimita 4 hivi, wakati mashine ilikwisha kutengenezwa kwa ajili ya kimo cha milimita 23.3. Milimita 19 zilizobaki zilijazwa na kitako, kwanza cha mti na baadaye cha chuma. Kitu chembamba kilicholala juu ya kitako hakiwezi kukazwa kwa kabari kama herufi, maana ukikisukuma kutoka pembeni kwa nguvu kitapinda katikati au kitaruka. Kilihitajika kifaa kinachosukuma pembeni na kukandamiza chini kwa wakati mmoja.

Ufumbuzi uliopatikana naona ni mzuri sana, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya. Ukingo wa pleti haukatwi wima. Hukatwa mshazari, ukateremka kama paa la makuti. Kichwa cha kibano nacho huchongwa mshazari uleule kwa upande wake wa ndani, hivyo vikikutana, kichwa hulala juu ya mteremko wa pleti kama ndoana. Fundi anapozungusha ufunguo, kichwa husogea kuielekea pleti, na kwa kuwa kinasukuma juu ya mteremko, nguvu moja hugawanyika mara mbili: sehemu huisukuma pleti kwenda upande wa pili, na sehemu huikandamiza dhidi ya kitako. Bila mteremko huo, kukaza zaidi kungeiharibu pleti. Pamoja na mteremko huo, kukaza kwa kiasi huituliza.

Mwili wa kibano umefichwa ndani ya kitako. Kitako cha chuma kina mifereji iliyochimbwa, mara nyingi kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, na kila mfereji ni mwembamba juu na mpana chini. Mguu wa kibano huingizwa kutoka mwisho wa mfereji, ukatelezeshwa hadi pale ukingo wa pleti ulipo, na hauwezi kuchomoka kwenda juu kwa sababu ni mpana kuliko mdomo wa mfereji. Kwa njia hii kitako kimoja hupokea pleti ndogo ya kadi na pleti kubwa ya ukurasa wa gazeti, bila kutoboa tundu jipya wala kupiga msumari.

Kibano kimoja pekee hakina maana, kwani pleti isipokuwa na kitu cha kuiegemea upande wa pili itasukumwa tu. Vibano hufanya kazi vikitazamana, na hapo hupatikana faida ya pili ambayo watu wasiokuwa wachapaji hawaifikirii: kibano pia ni chombo cha kusogezea. Tuchukue skrubu ambayo mzunguko wake mmoja mzima husogeza kichwa milimita 1. Fundi akiona rangi nyekundu imeingia ndani ya mstari mweusi kwa robo milimita kuelekea kushoto, hulegeza vibano vya kulia robo mzunguko, kisha hukaza vya kushoto kiasi kilekile, na pleti huhamia kulia kwa robo milimita bila kunyanyuliwa. Kila aliyewahi kurudisha leso dukani kwa sababu rangi yake imetoka nje ya mchoro anajua robo milimita si kitu kidogo machoni.

Nguvu zinazopambana na kibano ni tatu. Ya kwanza ni ya silinda inayobeba karatasi, ambayo hubingirika juu ya pleti na kuivuta upande mmoja. Ya pili ni ya wino wenyewe, maana wino wa chapa hunata kama asali iliyoganda, na kila rola au karatasi inapobanduka huivuta pleti kuelekea juu. Ya tatu hutokana na kitanda, kwa kuwa katika mashine nyingi za namna hii kitanda hukimbia mbele na nyuma, kikisimama ghafla na kugeuka kila mwisho wa safari. Kila karatasi ni mwendo mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, hivyo karatasi 1,000 ni mageuko 2,000. Pleti ambayo haikukazwa sawasawa haitaruka siku hiyo. Itahama kwa unywele mmoja, kisha mwingine, bila kumshtua mtu.

Jambo hilo lilinipata mwenyewe, ingawa kwenye mashine ya aina nyingine. Nilipokea kadi za harusi ya mpwa wangu kutoka kwa karakana moja, zikiwa zimefungwa kwa mafungu. Kadi ya juu ilikuwa safi, jina la bibi harusi likiwa limekaa barabara ndani ya kivuli chake cha dhahabu. Nilipofika katikati ya fungu, mstari mweupe ulikuwa umeanza kuonekana kati ya herufi na kivuli. Nilipofika chini, mstari huo ulikuwa mpana kama ukingo wa ukucha. Niliziweka juu ya meza moja moja, nikaona kosa likikua mbele yangu kama maji ya kujaa. Fundi alipoitazama ile ya mwisho hakuuliza swali. Alisema, “Samahani ami, pleti ilitembea.” Akanionyesha kibano cha nyuma kilichokazwa kwa vidole badala ya ufunguo. Kadi zilichapwa upya usiku uleule, na tangu hapo neno hilo, kwamba pleti hutembea, limenikaa kichwani kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu.

Mtu asidhani kwamba dawa ya kulegea ni kukaza mno. Pleti ya shaba iliyomiminiwa risasi kwa chini ni laini. Ikibanwa kupita kiasi kutoka pande mbili, hutuna katikati kama chapati juu ya moto, na sehemu hiyo huchapa nzito huku kingo zikififia. Ndiyo maana fundi mzoefu hakazi kibano kimoja hadi mwisho kabla ya kugusa kingine. Huvipitia vyote kwa mzunguko, akivikutanisha kwanza na pleti bila nguvu, kisha akiongeza kidogo kidogo kwa pande zinazotazamana. Baada ya hapo huigonga pleti kwa ncha ya kidole sehemu mbalimbali na kusikiliza. Mlio mfupi na mzito huonyesha kwamba pleti imelala; mlio mwepesi, wenye mwangwi, huonyesha kwamba kuna nafasi chini yake. Mara nyingi nafasi hiyo husababishwa na uchafu. Kipande cha karatasi ya kawaida ya ofisini kina unene wa takriban milimita 0.1, na kikisahauliwa chini ya pleti kinatosha kuzifanya herufi zilizo juu yake zitoke nene kuliko jirani zake.

Hali ya hewa ya pwani inaongeza uzito wa suala hili. Kitako cha mti hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa, na pleti iliyopigiliwa misumari juu yake hufuata mwendo huo. Ubao uliokuwa sawa wakati wa kaskazi, hewa inapokauka kidogo, si lazima uwe sawa mvua za masika zinapoingia. Kitako cha chuma chenye vibano hakina tabia hiyo. Kina adui mwingine, nayo ni kutu, kwa sababu hewa ya Mombasa ina chumvi, na skrubu iliyoachwa bila mafuta huganda ndani ya mfereji wake. Fundi akilazimika kuizungusha kwa nguvu, hapati tena hisia ya mkono inayomwambia kibano kimegusa pleti, na hapo ndipo kukaza mno kunapotokea.

Katika mashine za ofseti, ambazo zilienea katika karne ya 20 na ndizo zinazochapa vitabu na mabango mengi leo, hakuna kitanda. Pleti ni karatasi ya alumini yenye unene wa milimita 0.15 hadi 0.30 katika mashine nyingi, nayo huzungushiwa silinda. Vibano vyake ni mabapa mawili marefu yaliyofichwa ndani ya ufa wa silinda, moja likishika ukingo wa mbele na jingine ukingo wa nyuma. Hapa kazi hubadilika kidogo: badala ya kukandamiza, vibano huivuta pleti ili ikumbatie silinda bila kuacha nafasi. Ikilegea, hutetemeka kwenye mkunjo kila silinda inapozunguka, na chuma kinachokunjwa mara 5,000 kwa saa hatimaye hupasuka. Ikivutwa mno, hurefuka au huchanika. Kadi za mpwa wangu ziliharibika kwenye mashine ya aina hii.

Ziko njia nyingine za kuishika pleti. Pleti za plastiki ngumu zinazotumika siku hizi kwa kadi za kubonyea, zile ambazo maandishi yake huzama kwenye karatasi, huwekwa gundi kwa chini na kubandikwa kwenye kitako cha alumini. Nyingine zina mgongo wa chuma na hushikwa na sumaku. Zote mbili ni njia za haraka na zinafaa kwa kazi fupi. Hata hivyo, pleti iliyobandikwa hairekebishwi kwa robo mzunguko wa ufunguo. Ni lazima ibanduliwe na kubandikwa upya kwa kukisia, na kwa kazi ya rangi mbili au tatu bado ningechagua kibano.

Kazi ikiisha, vibano hulegezwa kwa utaratibu uleule wa kukazwa, kidogo kidogo kwa pande zinazotazamana, ili pleti isijikunje upande mmoja ukiwa bado umeshikwa. Pleti huinuliwa ikiwa bapa na kufutwa wino. Kisha kila kibano hutelezeshwa nje ya mfereji, kikapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, meno ya skrubu yakapigwa brashi, na kabla ya kurudishwa kwenye kisanduku hupakwa mafuta mepesi ya mashine.